Nguruwe pori Marekani: Balaa kwa wenye mashamba, biashara kwa wawindaji

MJADALA kuhusu umiliki wa bunduki za kivita ulipopamba moto nchini Marekani mwanzoni mwa Agosti 2019, kufuatia mauaji ya watu wengi katika miji ya El Paso na Dayton, mkazi mmoja wa jimbo la Arkansas aliuliza katika mtandao wa Twitter swali lililochekesha watu wengi duniani. Alitaka kuelezwa ni kwa vipi angewaua nguruwe pori 30 hadi 50 wanaovamia uwanja wa nyumba yake ndani ya dakika tatu hadi tano, huku watoto wake wadogo wakiwa wanacheza.

Kwa siku kadhaa swali hilo liligeuzwa mzaha, hasa na wakazi wa mijini. Lakini miongoni mwa wenye mashamba wa majimbo ya kusini wapo ambao hawakuona cha kuchekesha. Wizara ya Kilimo ya Marekani inakadiria kuwa nchi hiyo ina nguruwe pori zaidi ya milioni sita, walioenea katika majimbo yapatayo 35, na kwamba hasara wanayoisababisha katika kilimo, pamoja na gharama za kuwadhibiti, hufikia dola bilioni 2.5 kila mwaka.

Kwa hiyo, iwapo swali ni kama nguruwe hao ni tatizo kubwa, jibu lake liko wazi. Swali gumu zaidi ni la pili: je, bunduki ya mwindaji ndiyo dawa ya tatizo hilo? Hapo ndipo wenye mashamba, wawindaji na serikali za majimbo wanapotofautiana, na uzoefu wa miaka mingi umetoa jibu ambalo wengi hawakulitarajia.

Si nguruwe mwitu wa Afrika

Msomaji wa Afrika Mashariki anaposikia habari za nguruwe wa porini, huenda akamfikiria ngiri wa mbugani au nguruwe mwitu anayevamia mashamba ya mihogo na mahindi nyakati za usiku. Hao ni wanyama wa asili wa bara la Afrika, na wanaishi pamoja na simba, chui na fisi wanaowapunguza.

Nguruwe pori wa Marekani ana historia tofauti. Yeye ni kizazi cha nguruwe wa kufugwa, waliotoroka au kuachiwa huru hadi wakawa wanyama wa msituni. Kisayansi ni jamii moja na nguruwe wa zizini, ingawa vizazi vya maisha ya porini vimempa manyoya magumu, meno marefu na tabia ya kujihadhari na binadamu. Katika maeneo mengi anakoishi, wanyama wakubwa wanaoweza kumwinda nguruwe mzima ama hawapo tena au wamebaki wachache.

Bara la Amerika halikuwa na nguruwe wa jamii hiyo kabla ya kufika kwa Wazungu. Christopher Columbus aliwapeleka katika visiwa vya Karibi katika safari yake ya pili mwaka 1493. Mwaka 1539, Mhispania Hernando de Soto alitua Florida akiwa na nguruwe waliokusudiwa kuwa chakula cha jeshi lake, na baadhi yao wakapotelea msituni. Walowezi waliofuata waliendeleza desturi ya kuwaachia nguruwe wajitafutie chakula porini na kuwakamata pale tu walipohitaji nyama.

Wawindaji nao waliongeza mchango wao. Kuanzia miaka ya 1890, matajiri waliopenda uwindaji waliagiza nguruwe pori halisi kutoka Ulaya kwa ajili ya kuwawinda katika viwanja vilivyozungushiwa uzio. Shehena moja ilipelekwa mwaka 1912 katika mlima wa Hooper Bald, jimbo la North Carolina. Uzio haukudumu. Wanyama hao walitoroka, wakaenea hadi Tennessee na kuzaliana na nguruwe wa kienyeji waliokuwa wakizurura. Wengi wa nguruwe pori wa leo ni machotara wa makundi hayo mawili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguruwe hao walikuwa katika majimbo 17. Kuenea kwao hadi kuongeza idadi hiyo maradufu hakuwezi kuelezwa kwa mwendo wa miguu pekee, kwa kuwa kundi la nguruwe kwa kawaida haliendi mbali na maji na chakula lilichokizoea. Wataalamu wamebainisha kuwa sehemu kubwa ya uenezi huo imefanywa na watu, waliowapakia nguruwe katika malori na kwenda kuwaachia mahali papya ili wapate wanyama wa kuwinda karibu na nyumbani.

Hasara shambani

Mwenye shamba huigundua hasara asubuhi. Nguruwe hutafuta chakula kwa kufukua udongo kwa pua, na kundi moja linaweza kulifanya shamba lionekane kama lililolimwa kwa trekta lisilo na dereva. Mahindi yaliyopandwa jana hufukuliwa mbegu kwa mbegu, kwa kufuata mstari. Karanga huliwa zikiwa ardhini. Katika mashamba ya mpunga, kingo za kuzuia maji hubomolewa. Mashimo yanayobaki huvunja vyuma vya mashine za kuvunia na kuhatarisha miguu ya ng'ombe na farasi.

Aidha, nguruwe hana uwezo wa kujipoza kwa kutoa jasho kama binadamu. Wakati wa joto hugaagaa matopeni, na hivyo huvuruga mabwawa na vijito ambavyo mifugo hunywa. Huvunja uzio na kuacha njia ambayo mbuzi na ng'ombe huitumia kutoroka. Tena si mla mimea tu: huwala wanakondoo na wanambuzi wachanga, mayai ya ndege wanaotaga chini na, katika fukwe za kusini, mayai ya kasa.

Hatari kwa maisha ya watu ni ndogo, lakini ipo. Novemba 2019, mwanamke mmoja aliuawa na nguruwe pori katika kaunti ya Chambers, jimbo la Texas, tukio ambalo maofisa wa huko walilieleza kuwa ni la nadra sana. Ajali za magari yanayogonga nguruwe barabarani usiku ndizo zilizozoeleka zaidi.

Jimbo la Texas ndilo lililoelemewa kuliko yote. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walikadiria mwaka 2011 kuwa lilikuwa na nguruwe wapatao milioni 2.6, na wanyama hao wanapatikana katika karibu kaunti zote 254 za jimbo hilo.

Magonjwa yasiyoheshimu uzio

Hasara nyingine haionekani kwa macho. Nguruwe pori hubeba ugonjwa wa kutupa mimba, uitwao pia brusela, ambao humwambukiza binadamu anayegusa damu ya mnyama. Hubeba pia virusi ambavyo kwa nguruwe mzima huweza kuwa vyepesi, lakini kwa mbwa wa kuwindia huwa ni kifo. Ndiyo sababu wawindaji hushauriwa kuvaa glavu wanapomchuna nguruwe na kuipika nyama yake hadi iive kabisa.

Mwaka 2006, watu zaidi ya 200 katika majimbo kadhaa ya Marekani waliugua na watatu kufariki dunia baada ya kula mchicha wa Kizungu uliokuwa na bakteria hatari wa tumbo. Wachunguzi walipofuatilia hadi eneo la mashamba huko California, waliwakuta bakteria wa aina ileile katika kinyesi cha ng'ombe, katika maji, na katika nguruwe pori waliokuwa wakipita hapo. Haikuthibitishwa kwa uhakika ni kwa njia gani bakteria hao waliifikia mboga, lakini tukio hilo liliwaonyesha wakazi wa mijini kwamba nguruwe wa porini anaweza kugusa sahani ya mtu asiyewahi kukanyaga shambani.

Hofu kubwa zaidi ni ya ugonjwa ambao wafugaji wa Afrika Mashariki wanaufahamu vyema: homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Ngiri huishi na virusi vyake bila kuonyesha dalili, lakini nguruwe wa kufugwa na ndugu zake wa Ulaya hufa kwa wingi. Hauwaambukizi binadamu, na hauna tiba.

Marekani haijawahi kuupata. Hata hivyo, mwaka 2021 uligunduliwa katika Jamhuri ya Dominika na Haiti, nchi zilizo jirani na pwani ya Florida. Barani Ulaya, tangu mwaka 2014 ugonjwa huo umekuwa ukisambazwa sehemu nyingi na nguruwe pori wa jamii ileile iliyoko Marekani. Ukiingia katika makundi ya nguruwe wasio na mwenyewe, hakuna daktari wa mifugo atakayeweza kuyahesabu, achilia mbali kuyatenga.

Mwindaji: mhanga na mnufaika

Nafasi ya mwindaji katika suala hili ina sura mbili. Kwa upande mmoja, naye anapata hasara. Nguruwe hula mbegu za mwaloni ambazo kulungu huzitegemea kujinenepesha kabla ya baridi. Huvamia mahindi yanayowekwa kuwavutia kulungu, huharibu viota vya bata mzinga wa porini na kuwafukuza wanyama ambao mwindaji amelipia leseni ili awapate.

Kwa upande wa pili, nguruwe mwenyewe amekuwa kitoweo na burudani. Majimbo mengi hayana msimu maalumu wa kumwinda wala kikomo cha idadi. Texas iliruhusu kwa sheria ya mwaka 2011 wenye ardhi kuwaajiri watu wa kuwapiga nguruwe risasi kutoka kwenye helikopta, na tangu Septemba 2019 haihitaji leseni ya uwindaji kwa anayewawinda katika ardhi binafsi kwa idhini ya mwenyewe. Yamezuka makampuni yanayouza safari za uwindaji wa usiku kwa darubini za kuonea gizani, pamoja na safari za helikopta ambazo mteja huzilipia maelfu ya dola.

Hapo ndipo maslahi yanapogongana. Mwenye ardhi asiyelima, anayekodisha pori lake kwa wawindaji, anapata fedha kutokana na nguruwe. Jirani yake anayelima mahindi anapata hasara kutokana na nguruwe walewale, kwa kuwa mnyama huyo hajui mpaka. Wahenga walinena kuwa mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu uchungu. Katika sakata hili mkuki umewachoma wote wawili, nguruwe na jirani.

Hesabu ya uzazi

Wanaoitetea bunduki husema jambo ambalo kwa haraka linaonekana halina ubishi: kila nguruwe anayeuawa ni nguruwe mmoja pungufu. Hesabu ya uzazi inaonyesha vinginevyo.

Nguruwe jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi sita hadi minane. Hubeba mimba kwa siku zipatazo 115, ambazo wafugaji huzihesabu kama miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Huzaa kwa wastani watoto wanne hadi sita, wakati mwingine zaidi ya kumi, na chakula kikiwapo huweza kuzaa tena kabla ya mwaka kwisha.

Kwa mujibu wa makadirio ya wataalamu wa Texas, ili idadi ya nguruwe isiongezeke, inabidi kuwaondoa takriban asilimia 66 kila mwaka. Makadirio hayohayo yalionyesha kuwa uwindaji na mitego yote ya jimbo hilo kwa pamoja iliondoa asilimia 29 tu. Kwa lugha nyepesi, mwenye pori lenye nguruwe 100 anatakiwa kuwaondoa 66 mwaka huu, na mwakani kuwaondoa wengine kiasi hichohicho, ili tu abaki pale alipokuwa. Mwindaji anayekuja mwishoni mwa juma na kuondoka na nguruwe wawili amejipatia nyama, lakini hajamsaidia mkulima.

Tatizo jingine ni la tabia. Nguruwe jike na watoto wao huishi kwa makundi, na ni wanyama wenye akili. Risasi ikilia na mmoja akaanguka, waliobaki hutawanyika, huhamia shamba la jirani, huanza kutembea usiku tu na huwa wagumu zaidi kukamatwa.

Funzo la Tennessee na New York

Jimbo la Tennessee lilijifunza hayo kwa gharama kubwa. Kabla ya mwaka 1999, nguruwe pori walikuwa katika kaunti zipatazo 15 kati ya 95 za jimbo hilo. Mwaka huo serikali ya jimbo iliruhusu uwindaji wa nguruwe kila mahali, bila kikomo, kwa matumaini kuwa wawindaji wangewamaliza. Matokeo yalikuwa kinyume. Watu waliotaka kuwa na nguruwe wa kuwinda karibu na kwao waliwasafirisha na kuwaachia katika maeneo mapya, na baada ya zaidi ya miaka kumi wanyama hao walikuwa wamefika katika karibu kaunti 80. Mwaka 2011 Tennessee ilibadili msimamo, ikamwondoa nguruwe katika orodha ya wanyama wa kuwindwa na kumtangaza kuwa mharibifu. Mwenye shamba aliachiwa haki ya kuwaua katika ardhi yake, lakini mchezo wa kuwawinda ukapigwa marufuku.

New York ilichukua njia ya kuziba ufa kabla ya kulazimika kujenga ukuta. Nguruwe walipoanza kuonekana huko katika makundi machache, jimbo lilipitisha sheria ya kuzuia kuwaingiza, kuwazalisha na kuwaachia, na mwaka 2014 likawakataza wawindaji kuwapiga risasi, ili kazi hiyo ifanywe na wataalamu wenye mitego bila kuwatawanya. Mwaka 2016 New York ilitangaza kuwa haina tena nguruwe pori. Colorado ilitoa tangazo kama hilo mwaka 2020. Missouri nayo ilipiga marufuku uwindaji wa nguruwe katika ardhi za idara yake ya hifadhi mwaka 2016, licha ya manung'uniko ya wawindaji, na badala yake ikaongeza mitego.

Mtego unaosifiwa zaidi ni boma kubwa la nyavu za chuma lenye lango. Mahindi huwekwa ndani kwa siku kadhaa, hadi kundi zima lizoee kuingia bila woga. Kamera hutuma picha kwenye simu ya mwenye mtego, naye husubiri hadi nguruwe wa mwisho aingie ndipo aliangushe lango kwa kubonyeza kitufe. Siri yake ni subira, kwani anayefunga lango nusu ya kundi likiwa nje amewafundisha waliobaki kutokaribia boma lolote tena.

Mvutano kuhusu sumu

Uzito wa maslahi ya pande zote ulidhihirika Texas mwaka 2017. Februari mwaka huo Kamishna wa Kilimo wa jimbo hilo, Sid Miller, aliidhinisha chambo chenye warfarini, dawa inayotumika kuzuia damu ya binadamu isigande na pia kuua panya. Wawindaji na wafanyabiashara wa nyama ya nguruwe pori walipinga vikali, wakihofia kuwa hakuna atakayethubutu kula wala kununua nyama ya mnyama ambaye huenda amekula sumu. Kesi ilifunguliwa, na Aprili mtengenezaji wa chambo hicho akakiondoa sokoni. Mwaka 2024 Texas iliruhusu tena matumizi yake, kwa masharti. Sumu nyingine, nitriti ya sodiamu, imekuwa ikifanyiwa majaribio, lakini jaribio la mwaka 2018 huko Texas lilikwama baada ya ndege kufa kwa kula mabaki yaliyomwagika.

Serikali kuu kwa upande wake ilianzisha mwaka 2014 mpango wa kitaifa wa kupambana na nguruwe pori, na sheria ya kilimo ya mwaka 2018 ilitenga dola milioni 75 kwa miradi ya majaribio. Fedha hizo zilisaidia, ingawa ni sehemu ndogo tu ya hasara ya mwaka mmoja.

Kikwazo kikubwa kimebaki kuwa cha umiliki. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi, na mtaalamu wa serikali hawezi kuweka mtego bila idhini ya mwenyewe. Wakulima kumi wanaweza kukubaliana kuwaondoa nguruwe katika bonde lao, lakini mmoja akiwahifadhi kwa ajili ya wateja wake wa uwindaji, nguruwe watarudi katika mashamba yote kumi mvua zikinyesha na chakula kikiota.

Kwa sababu hiyo, mafanikio ya New York hayawezi kuhamishiwa Texas kwa kutia saini sheria tu. New York ilikuwa na nguruwe wachache, na hapakuwa na biashara kubwa iliyowategemea. Texas ina mamilioni ya nguruwe, na pia ina watu wenye helikopta, mahoteli ya wawindaji na maduka ya darubini ambao mapato yao yangepungua nguruwe wakimalizika. Ilimradi mnyama huyo ana bei kwa mtu mmoja na hasara kwa jirani yake, risasi zitaendelea kulia kila usiku, na mkulima ataendelea kuamka asubuhi kuhesabu mistari ya mahindi iliyosalia.